Mazungumzo na Ndoo

Dekio la mfagizi lilikuwa limefika mlangoni mwa chumba cha sindano aliposikia mama mjamzito akilalamika kuwa anaona nyota mchana kweupe. Dekio likasimama.

"Uchovu tu huo, mama. Meza hivi viwili, ukapumzike," alisema Sista, akikata vidonge. Alikuwa muuguzi pekee kwa wagonjwa arobaini. Daktari wa mwisho aliondoka miezi minane iliyopita. Chumba chake sasa kilihifadhi mafagio.

Mfagizi aliitazama miguu ya yule mama. Ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Miaka saba mfagizi huyu alisomea udaktari ng'ambo, mitatu akatibu huko. Aliporudi, bodi ya leseni ilidai barua kutoka chuo ambacho vita vilikwisha kukifukia. Shauri lake lingeamuliwa wiki ijayo, kwa sharti moja: asionekane akitibu mtu.

Ndiyo sababu yeye na Sista walikuwa na desturi yao. Mfagizi hakusema na mgonjwa. Alisema na ndoo, na Sista akasikia.

Lakini leo mkaguzi wa bodi alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, faili mapajani. Yule mama akainuka, akayumba, akajishika chini ya kifua.

"We ndoo," akasema mfagizi, akilikamua dekio, "nyota, kichwa, na maumivu juu ya tumbo? Huo si uchovu. Pima presha kabla hujamwagika."

Sista akamrudisha mama kitini, akamfunga mkanda wa mashine mkononi. Namba zilipotulia, uso ulimsawijika.

"Mia na themanini kwa mia na ishirini!"

"Ndoo, kifafa cha mimba kinabisha hodi. Choma magnesi izuie degedege, uite gari. Sasa hivi!"

Sindano ikaingia. Gari la wagonjwa lilipoondoka na yule mama, alikuwa bado ana fahamu na anaongea.

Mkaguzi akaja taratibu, akasimama kwenye sakafu mbichi.

"Unasema na nani, dada?"

"Na ndoo, mzee. Upweke una mazoea yake."

Sista akacheka, kicheko kikavu. Mkaguzi hakucheka. Alifungua faili, akaitazama picha iliyobanwa ndani, kisha akamtazama yeye.

"Na hiyo ndoo imesomea chuo gani?"

Mfagizi alilichovya dekio ndooni.

"Kile mnachokidai barua kaburini," akajibu, akalisukuma dekio hadi kwenye viatu vya mkaguzi. "Inua miguu, mzee. Nipige deki."