Nyasi za Kimo cha Kibiriti

Mpwa wangu aliinama, akashika konzi ya nyasi, akavuta. Zikatoka zote na ngozi ya udongo, kama wigi.

"Umeona, mjomba? Hapa hakuna nyasi. Huu mkeka wa kuazima."

Nyuma yake, karibu na geti, vitofali vya saruji vilikuwa vimeshapangwa. Alivileta bila kumuuliza mtu, kwa sababu alitaka mbele ya nyumba ya mama yake pasakafiwe pote, apate pa kuegesha gari. Mama yake ndiye dada yangu mkubwa. Ukoka huo aliupanda marehemu shemeji yangu, kipandikizi kimoja kimoja, amepiga magoti, na kila asubuhi dada huutembea pekupeku kabla ya kusema na mtu.

"Zikipona kabla fundi wa vitofali hajapata nafasi, zibaki," mpwa alimwambia. "Zisipopona, mama, usinililie."

Mimi ni mtu wa kugombana. Nimefukuzwa kazi kwa maneno, nikafukuzwa nyumba kwa maneno hayohayo, na kila aliyenifukuza namkumbuka hadi rangi ya soksi. Kijana ningemrukia palepale. Lakini ile konzi ya nyasi ilinishika macho. Mizizi ilikuwa mifupi kama kope. Nyasi zinazopewa maji kila siku, kiu zinaipata wapi?

Alipoondoka nikaomba bisibisi.

"Ya nini?" dada akauliza.

"Kuna mtu nataka kumhoji."

"Nani?"

"Udongo."

"Haya, Bwana Mgomo. Wanadamu wamekuchoka, sasa umehamia chini."

Nikaichomeka. Ikazama kiasi cha ukucha, ikakwama. Juu unyevu, chini jiwe. Nikahama huku na kule, jibu lilelile. Mpaka nikafika nyuma ya tangi la maji, kwenye kipembe ambako bomba lilikuwa likidondoka. Pale bisibisi ikaingia hadi kwenye mpini, laini, kama ndani ya mkate. Na nyasi zake zilikuwa ndefu, kijani cha kutisha. Nikalala kifudifudi nizitazame vizuri.

"Inuka basi. Majirani watasema nimekuua."

"Hapa unamwagiliaje?"

"Hapo simwagilii. Bomba linavuja lenyewe pole pole, nikikumbuka nalifunga hadi pakauke, nikisahau linadondoka tena. Na mashine ya kukatia haipiti, pembamba."

"Kwa hiyo pasipotunzwa ndipo palipostawi."

"Usinichokoze, mdogo wangu."

Kesho yake nikaweka kiti barazani nimwangalie akifanya kazi. Jua likiwa utosini, dada akatoka mbio na mpira wa maji, akanyunyiza huku, akanyunyiza kule, haraka haraka, kama anayefukuzwa, akafunga. Baadaye akaitoa mashine, akakata mpaka ardhi ikaonyesha kipara. Kisha akafanya jambo lililonisimamisha nywele. Akatoa kiboksi cha kibiriti mfukoni mwa aproni, akakilaza chini kando ya nyasi, akainama kupima. Penye unyasi uliokizidi kimo, akarudia.

Hapo nikamkumbuka mtu wa utoto wetu, kama namwona. Msimamizi wa nyumba za kampuni tulikokulia, tuliyemwita Bwana Kibiriti. Alipita mlango kwa mlango, akilaza kibiriti chake mbele ya kila nyumba, na nyasi zikikipita jina la baba yako linasomwa getini watu wote wakisikia. Maji nayo waliyafungua saa sita mchana, kidogo, wakayafunga. Mama alikuwa akikimbia na ndoo, hivyohivyo, mabega yamepanda.

"Dada, kwa nini saa sita?"

"Si ndiyo saa ya maji."

"Kasema nani? Bomba lako linatoa maji kutwa."

Akaligeukia bomba, akalitazama muda.

"Na kibiriti?"

Akakigeuza kiganjani, akasema, taratibu, "Nikiziacha ndefu, watasema mvivu."

"Nani watasema?"

Macho yake yakaenda getini. Hapakuwa na mtu.

"Bwana Kibiriti alishakufa," nikamwambia. "Nilikwenda mwenyewe kaburini kuhakikisha. Nyasi zimemfika magotini."

Dada alicheka hadi akakaa chini.

"Sasa kisimamishe," nikasema. Akakisimamisha kibiriti wima. "Hicho ndicho kimo. Usikate chini yake."

Tukapandisha magurudumu ya mashine. Kisu tulikikuta butu, kilikuwa kikizitafuna ncha badala ya kuzikata, tukakipiga tupa. Vipande vya nyasi vilivyokatwa tukaviacha vilale palepale, vitie kivuli. Na maji tukayahamishia alfajiri, yatiririke pole pole hadi bisibisi izame yote, halafu basi, hadi nyasi zenyewe ziombe.

"Nitajuaje zimeomba?"

"Wewe si unatembea pekupeku? Geuka utazame nyuma. Nyasi zikibaki zimelala penye nyayo zako, zina kiu. Nyasi zikiinuka, ziache."

Kazi ngumu ilikuwa kuziacha. Kila jua likifika utosini, mkono wake ulikwenda kwenye mpira, nami nikaenda kukaa mbele ya bomba kama mlinzi wa ghala. Tulizozana sana. Na asubuhi nilimwona akirudi kinyumenyume, macho chini, akizisoma nyayo zake.

Fundi alipopata nafasi, wiki kadhaa zimepita, mpwa alikuja naye. Akainama, akashika konzi, akavuta. Zikakatika mkononi, mizizi ikabaki. Akaweka mikono miwili, akajikaza, akaachia.

"Mama, umezigundisha?"

"Vuta tena, baba. Labda hukula."

Fundi akageuza uso, anacheka na ukuta.

"Na vitofali vyangu?"

"Kavipange kwako," dada akamwambia. Akatoa kibiriti mfukoni mwa aproni, akaingia jikoni kuwasha jiko.