Kikasha cha Kiherehere

Mbwa aliitwa Kiherehere, na majirani walipenda kuuliza kama jina hilo alipewa yeye au mwenye mbwa. Kwa kweli mwenyewe, fundi kufuli, hakuwa mtu wa kutulia, na siku hizi ndiyo alizidi: akishika tupa anaiweka, akikaa anasimama, mteja akiongea macho yake yako kwenye simu.

Alikuwa akimsubiri binti yake. Si kwamba aje dukani. Mambo yao yalishafika pabaya. Binti alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku, karibu kabisa kupewa usimamizi wa tanuri, pale baba alipokwenda kimyakimya kumwomba meneja amwonee mtoto huruma, amtoe usiku. Meneja akamwonea huruma kwelikweli: usimamizi akampa mwingine. Siku hiyohiyo binti alihama nyumbani, akauacha ufunguo wake mezani, na tangu hapo simu ya baba haipokei.

Kilichobaki ni mchezo wa binti. Mtu anaficha kikasha huko mashambani, anaweka alama kwenye ramani ya simu, na watu wasiomjua wanakwenda kukisaka. Ukikipata unachukua kilichomo, unaacha chako. Kila siku ya mapumziko binti alikuwa akitoka na Kiherehere kusaka, wakirudi wote wawili wamejaa mbegu za majani. Basi fundi akaenda kwa fundi simu wa duka la jirani, akafundishwa. Akautia ufunguo ule wa mezani ndani ya kikasha cha bati, akakificha kwenye kisiki kando ya njia ya bondeni, na kwenye ramani akakipa jina la mbwa. Binti akiona jina tu atajua. Akiuchukua ufunguo, amerudi. Akiuacha, ndiyo basi tena.

Mwingine angeficha akaenda zake. Yeye kila jioni alikuwa bondeni na mbwa, anakagua. Akaona kisiki kina siafu, mtoto ataumwa. Akakihamishia kikasha chini ya jiwe. Kesho yake jiwe akaliona zito, na je, mtoto akiteguka mkono? Akakipeleka kwenye nguzo ya uzio iliyooza, ndani ya tundu, mahali pazuri ambapo hata kuinama huinami. Kwenye ramani hakugusa kitu. Haikumpitia akilini kwamba ramani haina habari na huruma zake.

Ujumbe uliingia akiwa ameifumua kufuli ya mteja, vipande vyote mezani. "Nimetafuta kisiki kizima, hakuna kitu. Naondoka." Umeandikwa na Unga, na Unga ndilo jina la binti kwenye mchezo.

"Nguzo!" fundi akapiga kelele. "Mungu wangu, nguzo!"

"Mzee, na kufuli yangu?" mteja akauliza.

"Ipo, haina pa kwenda!"

Mbwa alimburuta njia nzima, kamba imekaza. Fundi alikuwa anahema, anajilaani, anaomba. Walipokata kona ya mwisho, binti alikuwa anakung'uta magoti. Kiherehere alijichomoa, akamrukia, akamlamba uso mzima, na binti akacheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Kisha akamwona baba yake.

"Baba. Umekihamisha?"

"Kidogo tu, mama. Kulikuwa na siafu, halafu jiwe lile..."

"Nani alikuambia siafu wananishinda? Hata huku, baba? Hata kwenye mchezo?"

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Mkono wake ulikuwa tayari umeshainuka. "Kiko pale kwenye..."

"Usiniambie! Kaa hapo. Ukinyoosha hata kidole, naondoka moja kwa moja."

Akakaa. Pa kukaa palikuwa kisiki tu. Akampakata mbwa, maana huyo naye alikuwa anajua kila kitu na tayari alikuwa ameelekeza pua kwenye uzio akilialia. "Nyamaza," fundi akamnong'oneza. "Tunyamaze wote."

Binti alianzia mbali kabisa, upande usiohusika. Akapekua vichaka, akainua mawe. Siafu wa kwanza alipanda kifundoni mwa fundi. Binti akaja kwenye uzio, akagusa nguzo moja, akagusa nyingine, akaipita ile yenyewe. Fundi akauma mdomo. Siafu walikuwa wameshafika gotini, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Hakupata kufanya kazi ngumu kama ile maishani mwake.

Binti akasimama. Akarudi nyuma. Akatia mkono kwenye tundu.

Aliufungua mfuniko akautazama ufunguo muda mrefu. Kisha binti akautia mfukoni, akavua kibanio cha nywele, akakiweka mahali pake, akafunga.

"Sasa zamu yako," akasema. "Geuka, fumba macho. Nakificha mimi."

"Nitakipataje, mwanangu? Macho yenyewe haya."

"Utatafuta. Ukishindwa, utaniuliza nikirudi kutoka kazini asubuhi. Usifunge mlango kwa ndani."

Fundi akageuka, akafumba macho, machozi yakimtoka.

"Baba, unachungulia!"

"Sichungulii, mama," akasema, akijipiga paja. "Ni siafu."