Mbuzi Aliyekula Ukuta wa Sinan

"Ukuta wangu unaliwa, Bi Khole! Unaliwa! Nimeona nyumba ikiliwa na mchwa, nimeona ikiliwa na mvua, lakini kuliwa na mbuzi, wallahi, sijaona!"

"Basi leo umeona. Na usinipigie kelele mlangoni mwangu, miye si kiziwi."

Sote tulikuwa tumeshatoka nje. Jua la Ibra, huku Omani, mwezi wa Juni linakuunguza nyayo ungali umevaa makubadhi, lakini nani angekaa ndani na kiyoyozi chake na huku nje kuna ugomvi mtamu namna ile? Sinan, mstaafu wa wizarani na jirani wa Bi Khole, ukuta ule aliupiga lipu na chokaa kwa mikono yake mwenyewe, na sasa ulikuwa na mashimo kama mkate uliotafunwa na panya.

Mtafunaji alisimama pale pale, ulimi nje, anahema: Zumaridi, mbuzi jike wa Bi Khole. Bi Khole ni mjane, kazaliwa Unguja, watoto wake wote wako Maskati. Kila alasiri baraza lake hujaa watu kwa ajili ya chai ya maziwa ya Zumaridi, na habari zote za mji hupikwa hapo kabla hazijafika sokoni. Lakini tangu joto lipande, Zumaridi hali majani, maziwa hayajazi hata kikombe, na baraza limeanza kupwaya. Bi Khole haogopi kitu duniani, ila nyumba tupu.

"Mpeleke Nizwa Ijumaa," akasema Sinan. "Azungushwe mnadani, apate mchinjaji, tupumzike."

"Uchinjwe kwanza huo ulimi wako!"

Tukacheka mpaka wengine tukashika ukuta, naye Sinan akatufokea tusiuguse.

Ndipo gari ikasimama. Alikuwa Balqis, bintiye Sinan, daktari wa mifugo, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Shikamoo, khala," akamwamkia Bi Khole, aliyemwita mama mdogo tangu utotoni.

"Marahaba, mwanangu. Mwondoe baba yako juani, ubongo unamchemka."

Balqis akachuchumaa kando ya mbuzi. Alimshika Zumaridi taya, akamtazama ufizi, akampapasa mbavu.

"Baba, huyu si mtundu. Anatafuta madini. Joto hili anahema kutwa, chumvi ya mwilini inamtoka kwa mate na mkojo, na kula hali. Khala, unampa nini?"

"Mkate, maganda ya tikiti, wali uliobaki. Hakosi kitu."

"Na wale dagaa wakavu wa pwani ya Sur uliokuwa ukimpa?"

Bi Khole akatazama pembeni. "Nilimkatia. Maziwa yalinuka shombo. Hawa wageni wangu wakanung'unika, ati chai ina pwani ndani yake."

Sasa sisi ndio tukatazama pembeni.

"Ala! Basi mmemkatia madini yake," akasema Balqis. Akafungua buti ya gari, akatoa tofali la kahawia la kulamba, la chumvi na chokaa na zinki, akalifunga kwa kamba bandani. "Kivuli kwanza, khala. Halafu ndoo isikauke hata kidogo. Akilamba hili atakunywa maji kama ngamia."

Sinan hakutaka kushindwa na binti yake mbele ya kadamnasi. "Haya, namngoja mpaka Alhamisi ijayo alasiri. Siku hiyo mfungulieni. Akiugusa ukuta wangu mbele ya watu, Ijumaa Nizwa!"

"Nimekubali!" akasema Bi Khole, kabla hatujawahi kumziba mdomo.

Basi wiki ile yote hapakuwa na habari nyingine. Zumaridi kalamba. Zumaridi kala majani. Zumaridi kajaza bilauri, povu juu! Mke wa jirani yetu Turki alidai hata macho yake yamerembuka.

Alhamisi tulijaa tele, watu na watoto wao, wengine hata hatuwajui. Bi Khole alipika tangu asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, anakwenda jikoni anarudi. Sinan aliketi kitini karibu na ukuta wake, mashimo keshayaziba kwa lipu mpya, kama mlinzi wa benki.

Zumaridi akafunguliwa. Akatembea. Akasimama. Akanusa hewa, kisha akanyoosha njia moja kwa moja mpaka ukutani, akatoa ulimi, akalamba.

"Kaugusa!" Sinan akaruka. "Mmeona nyote! Kaugusa!"

"Kulamba si kutafuna!" akapiga kelele Turki.

"Ulimi si mwili? Kaugusa!"

Kelele zikapanda, kila mtu kadhi. Bi Khole akatuacha na kelele zetu. Alikwenda akaichukua kamba ya Zumaridi msumarini. Neno lake alilitoa mbele ya watu.

"Hebu ngojeni!" Balqis alikuwa keshapiga magoti ukutani. Akapitisha kiganja, akakiinua. Kinachuruzika maji. "Baba, huu mpira wa kiyoyozi chako unavuja hapa. Tazama lipu: nzima, hata alama ya jino moja hakuna. Analamba maji." Akageuka. "Khala, ndoo iko wapi?"

Bi Khole akajipiga kifua. "Ndoo! Yarabi, nimeisahau! Nilikuwa na nazi zangu!"

Ndoo ilikuwa imekauka kau. Na aliyeikimbilia, jamani, ni Sinan. Aliijaza bombani, akaja nayo maji yanamwagikia kanzu, akamwekea Zumaridi mbele. Mbuzi akatia mdomo, hakuuinua mpaka chini ya ndoo pakaonekana. Kisha akaugeuzia ukuta mgongo, akaenda zake bandani kwenye tofali lake. Tulipiga vigelegele mpaka msikitini wakatuma mtu kuuliza ni harusi ya nani.

Sinan alisimama na ndoo tupu, kanzu imemganda miguuni. "Khalas, yamekwisha," akasema taratibu. "Mbuzi huyu haendi Nizwa."

Bi Khole akaitupa kamba chini, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa unasimama juani unangoja nini, Sinan? Ingia ndani ule, samaki wanapoa."