Besi la Kanisa Kwenye Bendi ya Mawimbi

Bendi ya Mawimbi ilikuwa ya Same, mji wa foleni za ndoo bombani, na kati ya wanamuziki wake hakuna aliyewahi kuiona bahari. Jina walilitoa kwenye kanda iliyoachwa na Mzungu mmoja wa mradi wa barabara: magitaa yanayotetema na kukimbia, muziki wa vijana wa ng'ambo wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Evance, kiongozi wa bendi, akauchanganya na dansi na ngoma za Kipare, kisha akakwama. Gitaa la besi halikupatikana. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kujuana, seuze gitaa.

Ndipo akaja Sifael na tuba la kanisa.

Kwao Gonja, mlimani, waliliita besi tu, lile dude la shaba linalonguruma chini ya matarumbeta mengine wakati wa maziko. Sifael alikuwa amelipuliza miaka tisa, polepole, kwa ajili ya marehemu. Kwa Evance alilipuliza mbio. Gitaa likitetema juu, yeye yuko chini anaguna na kurukaruka, na watu wa baa wakaacha bia zao wakasimama. Furaha ya namna ile hakuwahi kuipata maishani. Mchovya asali hachovyi mara moja: kila Jumamosi alilitia besi guniani, akaaga kwamba analipeleka kwa fundi, akapanda basi. Jamani, chombo gani hicho kinachougua kila Jumamosi?

Muuza tangawizi mmoja alimwona, na habari zikapanda mlima hadi kwa Dorkas, mama yake Sifael, aliyekuwa kitandani na uvimbe wa tumbo. Wiki iliyofuata jina la Sifael lilisomwa ibadani: ametengwa. Hatashika chombo cha kanisa mpaka asimame Jumapili mbele ya usharika na kutubu. Besi likachukuliwa.

Wengine wakitengwa hutubu asubuhi, mchana wakala pilau. Yeye akasema, nitubu nini, kupuliza? Akateremka Same mikono mitupu.

Gitaa la besi, jipya, lilikuwa limeegemea ukuta. Serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amelileta kutoka Dubai.

"Dude liko wapi?" Evance akauliza.

"Wamelichukua. Nifundishe hilo gitaa, kaka. Wiki moja tu."

Evance akacheka. "Watu walikuja kuliangalia dude, Sifael. Wewe nani alikuwa anakuona?"

Kurudi nyumbani aliona aibu. Alibeba magunia sokoni wiki tatu, hadi alipoletewa habari kwamba mama yake amefariki.

Alikuta kaburi limeshachimbwa na wapiga matarumbeta wamejipanga migombani. Alimwendea Eliezeri, kaka wa mama yake, mzee wa kanisa.

"Shikamoo mjomba. Naomba nimpulizie mama. Wimbo mmoja tu. Nitatubu sasa hivi, mbele ya watu wote."

"Marahaba. Toba ni Jumapili. Leo ni Alhamisi."

"Mjomba, ni mama!"

"Unadhani nani alikushtaki?" Eliezeri hakupandisha sauti. "Aliniita mwenyewe. Akasema, mtengeni upesi, atatubu upesi, arudi kundini akiwa safi, anipulizie nikizikwa. Kila Jumapili aliniuliza kama umesimama. Jumapili iliyopita aliomba abebwe mpaka mlangoni, akaangalia njia."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alirudishwa kitandani."

 Sifael aliona heri angetukanwa, angejua la kujibu.

Kisha akaja Fanueli, kijana waliyempa besi, jasho linamtoka. "Kaka, samahani. Ule wa kushushia jeneza naanza na kidole cha ngapi?" Sifael akamwonyesha, hewani, bila kuligusa besi. Akamwonyesha tena.

Fanueli alikosea mstari wa tatu, akapotea kabisa, na jeneza la Dorkas likashuka huku besi likikoroma ovyo na akina mama wakiangaliana. Sifael alilia kwa sauti, akasema, "Mama, nisamehe." Wakampa koleo afukie, maana kazi hiyo hata aliyetengwa huruhusiwa.

Watu walipoanza kutawanyika, Eliezeri alimshika bega.

"Ibada ya kwanza ni saa moja," alisema. "Jumapili usichelewe kutubu."