Meza ya Mukau na Nafasi ya Nzisa

Jumatatu asubuhi, maduka ya Sultan Hamud yakiwa bado yanafunguliwa, Nzisa alifagia chumba cha ushirika na kuketi kukata kadi. Ushirika huo ulichapisha mchezo wa mezani uitwao Msafara wa Kiangazi. Wachezaji wake hujitwalia nafsi za wasafiri wa kubuni, wakaisimulia safari kwa zamu, na palipo na shaka dadu ikaamua. Wamiliki walikuwa watatu: Mwau mwenyekiti, Kisilu mwandishi wa kanuni, na Halima mchoraji. Nzisa alikuwa mwajiriwa.

Hata hivyo, sehemu iliyosifiwa na wanunuzi kuliko zote ilikuwa yake. Siku moja ya kuujaribu mchezo aliitwa kuziba pengo la mchezaji, akambuni mjane alindaye kisima, asiyemruhusu msafiri kuteka maji mpaka akiri alichomnyang'anya mwenzake njiani. Kisilu aliyanakili maneno yake yote, yakatiwa katika kitabu cha mchezo. Nzisa alipoomba umiliki, Mwau alimwambia kuwa mwenye kuajiriwa ameshapata haki yake.

Katiba ya ushirika ilikuwa fupi. Ilisema kila mwenye nafasi mezani ni mmiliki, na hisa yake ni sawa na ya mwenzake. Mwau ndiye aliyeitunga. Ndiye pia aliyemwagiza fundi wa kijiji cha Nuu meza ya mukau, mti mgumu wa Ukambani, ya watu watatu barabara, ili wa nne akose pa kuweka kiwiko.

Jumatatu hiyo meza ilikuwa imerefuka nafasi ya mtu mmoja. Nzisa aliipangusa yote, ya zamani na mpya, akaendelea na kadi.

"Mbao za Nuu hizi," Mwau alisema alipofika. "Hazikukaushwa vizuri."

Alimwita seremala jirani, naye akakata kipande kilichozidi. Kesho yake kilikuwa kimeota tena, na safari hii kilikuwa na kibonyeo laini ambamo kiwiko cha Nzisa kiliingia sawasawa. Seremala alikata tena, akatengeneza vigoda kwa vile vipande.

"Mwenyekiti, utamtajirisha seremala bure," Halima alisema. "Mti umekata shauri."

"Mti hauna kura, mama."

"Wala haujaomba kura. Umetoa nafasi tu."

Siku ya mkutano mkuu Mwau alimtuma Nzisa akakatie kadi barazani, kisha akafunga mlango. Kabla sala ya kufungua haijaisha, meza ilirefuka tena, ikapita ukutani bila kuangusha chokaa, na ncha yake mpya ikatokea nje na kutua mbele ya magoti ya Nzisa. Mama mmoja aliyetoka sokoni alipumzisha gunia lake la ndengu juu yake, akamsalimu Nzisa, akajitwika, akaenda zake.

Ndani, Kisilu alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya Mwau.

"Sisi sote tumelelewa katika mwethya, kulimiana mashamba kwa zamu," alisema. "Aliyekuja na jembe hali chakula chake nje ya boma, wala hatuulizi shamba ni la nani. Yule mjane wa kisimani si wangu. Nilimwandika tu. Ni wa Nzisa."

"Tupige kura basi," Mwau alisema.

"Katiba yako haidai kura," Halima alimjibu. "Inadai nafasi." Akapaza sauti dirishani: "Nzisa! Umekaa?"

"Nimekaa, mama, na viwiko vyote viwili viko juu!"

Halima alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Alipiga kigelegele, na wanawake wa maduka ya jirani wakakipokea kabla hawajajua ni cha nini. Kisha alikusanya michoro yake, akafungua mlango, akaketi kando ya Nzisa. Kisilu alimfuata. Huko nje, mchana kweupe, jina la Nzisa liliandikwa pamoja na majina ya wamiliki, hisa yake sawa na zao, na kitabu kikachapishwa upya kikimtaja.

Tangu hapo mikutano hufanyika barazani, na mchezo huchezwa papo hapo. Mwau hubaki ndani, kwenye ncha yake ya meza, na shauri la kwanza likiisha huita kupitia ukutani:

"Nzisa, chai!"

"Ni zamu yangu, mwenyekiti," Nzisa humjibu, na kuitupa dadu.

Mwau husubiri. Kisha huita tena.