Nilivyoyadai Maumivu Yangu

Kipande cha chuma kilikuwa kimekwama kwenye jicho langu la kulia, na usiku wa jana niliota kimefungua duka humo.

Kiliruka juzi nikisaga geti kwa grinda, bila miwani. Shija, fundi mwenzangu hapa Kahama, akanipa kichupa cha dawa ya ganzi. "Dondosha, Maganga. Unalia kama unamenya vitunguu." Nikadondosha. Maumivu yakakoma palepale. Kila yakirudi, nadondosha tena. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu hii naiweza: hakuna maumivu, hakuna ugonjwa. Nikalala.

Mara nimesimama mbele ya jicho langu. Ni kubwa kama ghala la pamba. Mlangoni amekaa mama mmoja mnene, jina lake Kope.

"Wewe ndiye unayesema macho hayana pazia?" ananiuliza.

"Ni maneno ya wahenga, mama."

"Na hao wahenga walikuwa wanalala wamekodoa? Tangu alfajiri nafungua, nafunga, nafagia vumbi lenu, halafu naambiwa sipo!"

Nikaomba radhi kwa niaba ya wahenga. Akapokea, kwa shingo upande.

"Haya, vua damu."

"Damu?"

"Unaingia kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho. Umeona wapi kioo kinapitisha mabomba ya damu? Unataka kuona dunia nzima nyekundu? Humu tunakula hewa ya nje, basi."

Nikaimimina damu yangu kwenye ndoo, nikaifunika kwa sahani nzi wasiingie. Nilijisikia mwepesi.

Kizingitini herufi E, ile ya kupimia macho hospitalini, imelala, ina miguu mitatu. "Miguu yangu inaelekea wapi?" inaniuliza.

"Juu."

"Basi nimekufa. Pita."

Ndani ni sakafu ya kioo, safi, haina hata unyayo. Nikitazama chini naiona kazi yangu: moto wa welda, na mshono wa chuma unavyojipanga, na pembeni uso wa mke wangu. Katikati ya sakafu kile kipande cha chuma kimefungua duka. Kinauza kutu. Kimeshajizungushia na ua, wa kutu vilevile.

"Kutu mpya! Karibu mteja!"

"Toka kwenye jicho langu," nikasema.

"Nani wa kunitoa? Mlinzi wenu yule pale."

Mlinzi, Mshipa wa Fahamu, amelala chali na filimbi mdomoni. Anakoroma. Ananuka dawa yangu ya ganzi.

"Mguse kwa unyuzi wa pamba," Kope anapiga kelele kutoka mlangoni. "Akiwa mzima ataruka, nami nitafumba."

Namgusa. Hajitikisi. Namgusa tena, naye anageuka upande wa pili.

Ndipo akaingia mtu mrefu, ndoo ya chokaa mkono mmoja, brashi mkono mwingine. "Naitwa Chamba, lile doa jeupe la jicho. Nimesikia hapa kuna kidonda hakina mlinzi. Vya namna hiyo huwa navipaka."

"Kidonda gani? Mbona hakiumi?"

Kope akamwaga sakafuni maji ya manjano ya kuonyesha vidonda, akawasha taa ya bluu. Mama yangu! Sakafu ikang'aa kijani kama mche wa mahindi, kuanzia dukani hadi karibu na ukuta.

"Hapo dukani ni kidonda cha chuma," Kope akasema. "Huko kote kwingine ni ganzi yako. Jicho haliumi, kwa hiyo hupepesi. Hupepesi, kwa hiyo kioo kinakauka na kumenyeka. Umelilaza jicho lako, sasa linafia usingizini."

Nyuma ya kioo mzee mwenye ndevu nyeupe anagonga. "Samahani, mimi naitwa Mtoto wa Jicho."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na miwili. Nakaa huku nyuma, kwenye lenzi. Zamu yangu bado, malizaneni tu."

Chamba akachovya brashi, akapaka mkupuo mmoja. Mshono wangu wa chuma ukapotea. Mshono mzima! Welda asiyeona mshono ni mtu aliyeshika moto tu. Akapaka wa pili, ikapotea nusu ya uso wa mke wangu.

Nikairukia brashi. Ananivuta, namvuta, chokaa inaturukia.

"Usihangaike," ananiambia kwa upole. "Mlinzi akipiga filimbi, nitaondoka mwenyewe."

"Kope! Nimwamsheje huyu?"

"Yeye ana ganzi, mimi sina! Ning'oe nywele!"

"Nitakuumiza, mama."

"Si ndiyo kazi yenyewe, we mjinga!"

Namkimbilia mlangoni, nang'oa moja. Kope anapiga yowe, machozi yanashuka kama mvua ya Aprili. Nang'oa ya pili, duka linaanza kuelea. Ya tatu. Kwa ile ya nne maji yakamfunika mlinzi, yakamsuuza ganzi yote. Akasimama wima, akapuliza.

Ile filimbi ndiyo maumivu yenyewe.

"Haya ni ya nani?" mlinzi anauliza.

"Yangu!" napiga kelele. "Yote ni yangu! Lete!"

Chamba akabeba ndoo yake. "Leo nimekosa. Mkimlaza tena, mniite."

Nikaamka napiga kelele: "Linauma! Linauma!" Na ninacheka.

Mke wangu Kalunde akaketi kitandani. "Baba Shoma, unaumwa au unafurahi?"

"Vyote viwili! Vaa, unipeleke hospitali ya macho."

"Si ulisema limepona?"

"Lilikuwa limelala, mama. Sasa limeamka. Twende!"

Akawasha tochi ya simu. Mwanga ukanichoma kama msumari, nikashangilia. Kisha akanishika mkono. "Umeshika nini?"

Nikafungua vidole. Nywele za kope, mbichi, na kila moja ina chokaa kwenye ncha. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Haijawahi kupakwa kitu.

Kalunde akazihesabu kwa sauti, kisha akazihesabu tena. Nne. Hiyo ndiyo gharama mpaka sasa. Ya jicho lenyewe daktari bado hajaitaja.