Kamioneti Iliyokohoa Njia ya Sange

Kila asubuhi, kabla hajagusa gari la mtu, Modeste alipanga buji kuukuu, plagi za injini, dirishani na kuzisugua moja moja kwa msasa, huku chai yake ikipoa. Tangu waasi waingie Uvira, sukari ilikuwa imekwisha na wateja pia, lakini buji zake zilibaki safi. Siku hiyo alikuwa amefikia ya nne aliposikia injini ikija kutoka upande wa Kasenga: inavuta, inakwama, inakohoa, inavuta tena. Akaiweka buji chini. Ilikuwa kamioneti ileile, mara ya tatu wiki hiyo.

Safari hii dereva hakuwa kwenye usukani. Dereva huyo, Placide, kaka wa mke wa Modeste, alikaa nyuma katikati ya vijana wenye bunduki, mikono imefungwa waya.

"Fundi!" Komanda Sévère, mkuu wa vijana hao, aliruka chini. "Mara tatu tunatoka kwenda Sange, mara tatu gari inakufa njiani. Hapa kwako iko muzima, kwa vita inagonjwa! Hii si ugonjwa, ni muntu. Huyu shemeji yako anaiharibu, ao amevunja mwiko wa dawa. Jua ikifika mu kichwa na hujanionyesha kitu ingine, tunamupiga risasi."

"Ndiyo, Komanda."

Modeste hakuwa mtu wa kubishana. Mteja akimwambia tairi ndiyo mbovu kumbe ni breki, alijibu "ndiyo", kisha akatengeneza breki.

Alifungua kapo, ile boneti ya mbele. Mara ya kwanza alikuwa amebadilisha buji zote. Mara ya pili akasafisha kabureta na njia ya petroli. Mara zote mbili gari liliondoka likiimba vizuri. Sasa aliliwasha, akachomoa waya wa buji ya kwanza. Injini ikayumba: silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Hakuna badiliko. Wa tatu vilevile. Alizima, akafungua buji hizo mbili, akazikuta zimelowa petroli. Petroli ilifika, moto wa umeme ndio haukufika.

Basi ni delko, kile kikombe kinachogawa moto kwa kila buji. Alikivua kifuniko chake, akakigeuza kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na matone ya maji, na ufa mwembamba kama unywele, mweusi kama mstari wa kalamu, kutoka ncha moja ya shaba hadi nyingine. Moto ulikuwa unapita juu ya maji na kupotea. Ufa ukikauka kwa jua, gari linapona. Ndiyo maana hapa lilikuwa linapona kila mara.

Lakini mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

"Shemeji," alinong'ona akiegemea nyuma ya kamioneti, "mulivuka maji wapi?"

"Hatuvukake kitu. Hata mutoni hatufikake." Placide aliangalia pembeni. "Ni pale baryeri ya Kasenga, pale banasimamishaka magari. Mama wa dawa anatunyunyizia, halafu Komanda anafungua kapo, anasema moteri nayo ipate dawa, risasi isiiguse."

Modeste akageuza macho mbele. Mama huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha kamioneti, ndoo yake ya maji katikati ya miguu, fungu la majani mkononi. Vijana wote waliamini kwamba maji yale ndiyo yaliyowafikisha leo wakiwa hai.

"Umeona?" Sévère aliuliza.

"Ni maji, Komanda."

"Maji gani?"

"Ya... ya asubuhi. Umande."

Komanda akacheka, na Modeste akapumua. Kisha komanda akamgeukia Placide.

"Kumbe! Gari inalalaka kwa nani? Kwa weye! Unaiacha inje inalowa, bandugu yetu banakufa!" Akawaashiria vijana. Wakamkokota Placide hadi ukutani.

"Ngojeni!" Modeste alipangusa kifuniko kwa pindo la shati lake, akakirudisha, akawasha. Injini ikanguruma laini, bila kukohoa hata mara moja. Akamwendea yule mama, akapiga goti kidogo. "Mama, naomba. Nyunyiza, kama vile munafanyaka pale baryeri."

Mama akashuka na ndoo yake. Akachovya majani, akanyunyiza juu ya moteri.

Injini ikakohoa. Ikayumba. Ikakohoa tena.

Vijana wakaigeukia ndoo. Sévère alikuja taratibu hadi pumzi yake ikamfikia fundi shingoni.

"Weye unataka kusema nini?"

Modeste alimwona Placide ukutani. 

"Nataka kusema ni dawa, Komanda. Ni maji ya dawa ndiyo inazima moteri. Na kapo ulifungua weye mwenyewe. Placide hana kosa."